Boksi la Sabuni

Mpango wa Murhula tuliuchora nyuma ya boksi la sabuni:
viatu, noti ya mia tano, ngazi za Kadutu,
duka la Mama Nsimire, chumvi, kurudi.
Salamu tuliifuta. Inamchosha.
Penye pikipiki tukachora mikono masikioni.

Jumanne alienda peke yake. Miaka kumi na tisa.
Nilichambua maharagwe niliyokwisha kuyachambua.

Saa sita, hayupo. Saa nane nikashuka mbio,
nikamkuta amesimama mbele ya kufuli,
noti imelowa kiganjani.
Nsimire alikuwa msibani.
Hatukuwa tumechora mlango uliofungwa.

Usiku nikashika kalamu. Akaninyang'anya.
Akachora kufuli, tundu lake, kutu yake,
halafu, pembeni kabisa, duka lingine
ambalo mimi silijui.