Chokaa

Saa tatu asubuhi, Upanga. Umeme umekatika, umerudi,
hakuna aliyeinua kichwa.
Kifua cha Mzee Kondo Pazi kiko wazi,
na Dokta Kajugusi anaupapasa mshipa mkuu
kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua parachichi soko la Kisutu.
"Laini," anasema. "Tubane hapa."

Mimi ni wa altrasaundi. Kazi yangu ni kutoviamini vidole.
Nimekivika kidude changu mfuko safi,
nimeomba maji ya chumvi kidogo kifuani, sauti ipate pa kupita,
sauti nyembamba ambayo hata popo wa Upanga hawaisikii.

Kwenye kioo: duara jeusi, ukingo mweupe.
Na pale pale palipoguswa,
upande wa ndani, kipande kinaning'inia,
kinapepea kila damu ipitapo.
Chokaa.

Miaka thelathini na nane mzee huyu amepaka chokaa
kuta za Gerezani, za Kariakoo, za Buguruni kwa Mnyamani.
Jana usiku aliniambia, huku akijikuna chini ya plasta:
"Ukuta mbovu, mwanangu, haujulikani kwa kuushika.
Ugonge, halafu nyamaza."
Nimeugonga, mzee. Nimenyamaza.

"Si hapo, Dokta."

Kibano kingefunga hapo, kipande kingeruka
hadi kichwani, na mzee angeamka
asilijue jina la Mwanahawa, bintiye,
aliye kwenye benchi la nje na chupa ya uji
ambao hakuna atakayeruhusiwa kuunywa leo.
Tunasogea sentimita mbili. Pasafi.
Tunabana.

Mchana, mshipa wa mguuni umeshonwa moyoni.
Nauzungushia kipete kinachosikia mwendo wa damu.
Mililita sita kwa dakika.
Sita!
Kwangu Tabata mita ya maji huzunguka kwa upepo mtupu
na bili huja;
nalijua bomba linalodanganya.
Dokta ananitazama juu ya barakoa. Safari hii hasemi laini.
Anakata uzi, anashona upya,
Sista Bhoke anamfuta jasho kabla halijafika jichoni.
Napima tena.
Arobaini na moja.
Arobaini na tatu.

Jioni, nyumbani, nimefungua bomba.
Limekohoa mara mbili, likatema kutu.
Nikasimama na ndoo,
sikio ukutani,
nangoja.