Dirisha Dogo

Mimi ndiye mhazini. Basi wananiuliza mimi.
Mama Nyamizi pale Mwaloni, kisu kimezama ndani ya sangara:
"Eti Luhende mmemuuza?"
Kinyozi Rwegasira, nusu ya kichwa changu keshanyoa,
anazima mashine, anangoja jibu.
Hata mlinzi wa benki, kabla hajanipekua mfuko.

Jumatatu alikuwa anakwenda Bukoba.
Jumanne, Musoma, kwa mkopo.
Jumatano jioni redio ikampeleka Geita, kwa timu ya mgodini,
abadilishwe na vijana wawili wa pembeni
na basi la viti ishirini na tisa, injini imefunguliwa mara moja tu.
Tetesi huinuka kama wadudu wa ziwa asubuhi ya mvua:
ukiwa mbali unaona moshi,
ukisogea, wanakuingia mdomoni.

Wahenga walisema lisemwalo lipo.
Hili lipo kwenye faili la kijani, droo ya pili,
na ufunguo umo ndani ya soksi yangu.

Nitasema ninachokijua, yaani tarakimu.
Milioni nne na nusu kwa mwezi.
Mabeki wote wanne, wajumlishe na daktari, hawafiki.
Kwenye leseni ana miaka thelathini na nne;
amekuwa na thelathini na nne kwa miaka minne.
Kafungwa kumi na saba msimu huu, kumi na moja upande wa kushoto,
kule ambako nyonga inafika baada ya mpira.
Bandeji, barafu, sindano za goti: risiti ninazo.

Ila daftari langu halina safu ya kuandikia
ule mkono wa Kirumba, dakika ya tisini na tatu,
mvua, tumebaki tisa uwanjani, penalti,
naye kasimama kama mdiria juu ya maji,
anapigapiga mabawa bila kwenda popote,
kisha akachagua.
Mpira sikuuona. Niliona glavu,
halafu nikamwona mwenyekiti analia kwenye bega la muuza karanga.
Usiku uleule nikatia sahihi mkataba mpya
bila kusoma ukurasa wa tatu.
Ukurasa wa tatu ndio unaotuua.

Jana nilikwenda mazoezini Nyamagana, faili kwapani.
Elikana, kipa wa pili, miaka ishirini ya halali,
hakuweza kumtazama usoni. Mtoto ameshapongezwa Igogo nzima
kwa kazi ambayo hajapewa.
Luhende alikuwa anampigia mashuti ya chini,
kushoto, kushoto, tena kushoto.
"Usiruke mapema. Mwenye haraka ni mpira, siyo wewe."
Juu ya mlingoti wa taa korongo wawili,
wamekunja shingo kama wajumbe wa kamati ya utendaji.

Alipomaliza akaja kukaa karibu nami, akavua glavu kwa meno.
Vidole viwili havinyooki tena.
Nilifungua mdomo, akanitangulia:
"Geita, siyo?"
Nikatazama viatu vyangu.
"Hilo daraja la Busisi, nasikia unavuka kwa dakika chache tu."
"Chache," nikasema.
"Enzi za kivuko ungekaa foleni saa mbili,
ukanunua mahindi ya kuchoma,
ukageuka kutazama ulikotoka.
Mtu ungeweza hata kughairi."

Akacheka peke yake. Akaniomba kalamu.
Nikampa ile isiyoandika; ninayo moja, huwa nawapa wanaotudai.
Aliijaribu mara tatu kwenye kiganja,
akanirudishia bila neno,
akanyoosha mkono mwingine kuomba ya pili,
magoti kayakunja kidogo, macho hayabanduki kwangu,
anasubiri kuona nitaelekea upande gani.