Mguu Mzima Kwanza

Kalunde alianza na mguu mzima.
"Dada, ulioumia ni huu."
"Najua. Kwanza nahoji shahidi."
Akaukunja polepole, akaandika:
nyuzi mia thelathini na tano.

Kisha goti lililoporomoka nami
toka mningani, kule Sikonge, mzinga begani:
sabini.
Sabini na mbili, nikiuma kofia.

Nyumbani Ng'ambo natelezesha kisigino
juu ya mfuko wa sukari.
Kumi. Pumzika. Kumi.
Mke wangu anahesabu kwa Kinyamwezi,
nisije nikaruka.

"Kupanda, tanguliza mzima.
Kushuka, mbovu."

Jana, ngazi za jikoni,
harufu ya nta ikanichanganya:
nikashuka, nikatanguliza mzima.
Goti likajikunja, likatetemeka,
likanibeba.

Kalunde sijamwambia.