Kiwimbi Juu ya N

Kazi yangu ni kuwinda makosa kwa kalamu nyekundu,
ghorofa ya pili, Mtaa wa Mkwepu,
feni ikinifungulia kurasa nisizozitaka.
Nalipwa kwa ukurasa, si kwa ukweli.

Mswada ulikuja ndani ya bahasha ya kaki ya hospitali.
Jina la mwandishi: E. Mkude.
E ya nini? nilimuuliza kwenye simu.
E tu, akasema.
Nikaandika E, nikatia nukta.

Ndani yumo msichana, Zamda, wa Magomeni Mapipa,
nywele zake zinakataa kitana,
ngozi yake rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Wakimuuliza, hujibu kabla swali halijafika mwisho:
"Baba yangu Mshihiri. Mshihiri wa Tanga."
Hulitoa jibu kama mtu anayetoa kitambulisho getini.

Baba alikuwa daktari, Evelio, kutoka Kuba,
wodi ya watoto, Muhimbili, mkataba wa miaka miwili;
mkataba ulipokwisha, akaisha naye.
Alichoacha: picha moja
(mama kaificha kwenye kopo la Kimbo, chini ya vifungo)
na wali unaopikwa chungu kimoja na maharage meusi.
Jirani akichungulia, Zamda husema:
"Ndivyo wanavyopika Tanga."

Hapo nikasimama.
Mimi ni wa Tanga. Ngamiani, barabara ya kumi na mbili.
Nikaandika pembezoni: Kosa. Tanga hatupiki hivi.
Nikampigia.
Akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyagwa kidole:
"Si kosa langu, dada. Ni yeye anayedanganya. Muache."

Nikamuacha. Nikaanza hata kumpenda,
anavyohesabu ngazi moyoni kwa lugha isiyoandikwa,
midomo ikitikisika,
kisha kwa sauti, watu wakitokea: saba, nane, tisa;
anavyomkariri babu wa Kishihiri
aliyemwokota kwenye kibao cha duka la baiskeli, Mtaa wa Swahili.

Baba alimwita ninya.
Mara tatu kitabuni imechapwa hivyo,
kwa tahajia yetu, safi.
Sauti hiyo tunayo. Imo kwenye nyanya, kwenye nyumba,
imo kwenye nyamaza.

Ukurasa wa 203 Zamda hayumo.
Ni aya ya mvua tu, Jangwani kumefurika,
msimuliaji anaongea peke yake,
na katikati ya maji: niña.
Y haipo. Juu ya n pamewekwa kiwimbi
kwa kalamu, wino wa bluu, baada ya mashine kumaliza,
mkono umekandamiza mpaka wino umetokea upande wa pili.

Kanuni naijua. Neno moja, tahajia moja.
Tatu dhidi ya moja.
Nikapiga simu: Bi. Mkude, mia mbili na tatu, nirekebishe?
Kule kwake mfuniko wa sufuria ulikuwa ukicheza.
Ukacheza, ukacheza.
Halafu: "Wewe unaonaje?"

Hakuna mwandishi aliyewahi kuniuliza hivyo.
Nikasema simu inakatakata.
Haikuwa inakatakata.

Kiwandani Chang'ombe, fundi Mbwilo aliinua bamba kwenye mwanga:
"Hiki nini tena? Uchafu?"
Dole gumba lilishalowa mafuta ya taa, tayari kufuta.
Nikamwambia, acha,
ndivyo wanavyoandika Tanga.

Nakala nilizopewa ni mbili.
Katika moja wino umeshika.
Katika nyingine n imebaki n,
na juu yake, ukiinamisha karatasi dirishani,
kuna alama ya kubonyea, isiyo na rangi.