Ufunguo wa Msumeno

Miaka miwili nilimwandikia Tauno jina lake
kwenye daftari la zamu, kabla hajafika.
Niliuiga mwandiko wake
kama mtoto anavyoiga kikohozi cha babaye.

Pipi za mnanaa hazikukosa mfukoni mwa ovaroli yangu.
Nilimpa mojamoja, bila neno,
na huo nikauita wema.

Kiwanda chetu cha mbao, nje kidogo ya Kuhmo,
kila Krismasi kilitugawia chupa,
kila mtu na yake, ndani ya boksi la utepe mwekundu.
Ya kwangu nilimpa yeye.
Hilo nalo liandikeni.

Ijumaa alikunywa ili wiki iishe,
Jumapili alikunywa ili wiki isianze,
Jumatatu alizimua,
mkono mmoja ukiubembeleza mwenzake
mpaka yote miwili ikaweza kushika usukani wa msumeno.

Msumeno haujui talaka ya mtu.
Haubagui msonobari na kidole.
Muulizeni Veikko, aliyeuendesha kabla yetu:
akivaa glavu, vidole vitatu vya glavu
huning'inia vitupu.

Basi Januari, saa kumi na mbili asubuhi,
baridi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
nilichomoa ufunguo nikautia soksini.
"Leo hapana."
Akanitukana.
Tusi lake lilinukia mnanaa wangu mwenyewe.

Hakuna aliyepiga makofi. Msimamizi Hilkka
alianza kupiga hesabu ya hasara kwa kidole, hewani,
kisha akakirudisha kidole mfukoni.
Tukamsindikiza, mimi na yeye, kwa nesi wa kampuni,
mlango ambao miaka yote
tuliupita tukienda kunywa kahawa.

Nesi hakumuuliza kwa nini anakunywa.
Alimuuliza, "Unalala?"
Mwanamume yule mzima akalia.

Nafasi yake ilihifadhiwa. Karatasi ilisema hivyo, na mhuri juu.
Wiki nane, kisha nyingine tatu, maana aliteleza.

Krismasi hii boksi lina soksi za sufu na samaki wa moshi.
Watu wamenung'unika. Hata mimi, kidogo.

Tauno hanisemeshi sana siku hizi.
Ila kila asubuhi huja mezani kwangu,
huvua glavu, huitandaza mikono juu ya daftari.
Nahesabu hadi kumi.
Namkabidhi ufunguo, na kalamu,
aandike jina mwenyewe.

Mwandiko wake ni mbaya
kuliko nilivyokuwa nikiuiga.