Faili ya Tatu

Saa kumi na mbili na robo, kabla watoto wa Kaptembwa
hawajafika na sarafu zilizopata joto kiganjani,
Wafubwa huingia na baridi ya lindo mabegani,
akaegemeza rungu mlangoni, akavua kofia ya kampuni.
"Niwekee yule dada." Namwekea.

Wengine wote hapa ni mpira, na makelele ya mpira.
Yeye peke yake ndiye mteja wa *Mfua Chuma*,
msichana wa nchi ya ukungu aliyeibiwa sauti na kaka yake,
akafua upanga, akafunga safari kuidai.

Mimi nimeumaliza mchezo huo mara mbili, usiku, shata imefungwa.
Naujua kama mtu anavyomjua shemeji.
Nyundo ikitua, pedi hutetemeka
na mtetemo ukapanda hadi kwenye kiwiko,
ukaapa chuma kimekutana na chuma.
Na ile mvua ya sura ya nne, isiyo na muziki,
anapomzika farasi wake kwa mikono:
hakuna pa kuruka. Unabonyeza, unachimba.
Unabonyeza, unachimba.
Moenga, mtoto asiyejua kunyamaza, hapo alinyamaza.

Lakini maadui wake elfu wana nyuso tatu tu;
ukishaua watatu, yaliyobaki ni kufagia.
Kamera nayo hujificha nyuma ya ukuta vita vikichacha,
kama mjomba siku ya mchango.
Mito chungu nzima, na hakuna anayeteka maji.
Jitu la mwisho, baada ya safari ya saa thelathini,
hufa upesi upesi, utadhani waliolitunga
waliishiwa tokeni za stima.

Wafubwa hajui kupigana. Vidole vyake ni vya kushika tochi.
Alikufa kwenye daraja moja asubuhi kumi na moja.
Siku nyingine hata hajaribu: humkalisha dada kambini
akanilipa nusu saa
ya kuota moto usio na joto.

Alhamisi akakifikia chumba cha kaka.
Kaka kapiga magoti. Skrini inauliza kwa Kiingereza,
nami, kama kawaida, nikatafsiri:
Msamehe. Au: Mmalize.
Akaiweka pedi juu ya paja.

Dakika kumi. Ishirini.
Muuza mandazi akapita, akarudi na ndoo tupu.
Nikasema saa inahesabu.
"Acha ihesabu."
Ana kaka, huko Webuye, na mpaka wa katani
uliohama usiku mmoja bila miguu.
Hayo niliyapata kwa vipande, jinsi upatavyo ya mteja
ukiwa umempa kisogo.

Na kuna kasoro nyingine, sikuwahi kumwambia mtu:
majibu mawili, mlango mmoja.
Ukimsamehe, paa linaanguka, kaka anafunikwa.
Ukimmaliza, paa linaanguka, kaka anafunikwa.
Picha ni zilezile, hadi vumbi lake.

Dakika ya arobaini na tatu akabonyeza.
Alichobonyeza ni chake.
Paa likaanguka.
Alingoja vumbi litulie, lote, ndipo akavaa kofia.
"Na ningechagua ile nyingine?"

Kuna saa mwenye duka hudaiwa chenji asiyokuwa nayo.
"Ingekuwa njia nyingine kabisa," nikasema.
Akaitikia kwa kichwa, polepole, akachukua rungu,
akalipa hata zile dakika za kufikiri.

Hii ni wiki ya pili sijamwona.
Mashine imejaa, ligi za watoto zimekosa pa kulala,
Moenga kila siku: futa, mama, futa.
Nimefuta zangu mbili.
Ya tatu naiacha pale ilipo, nje ya kile chumba,
dada na upanga wake, mlango haujafunguliwa.