Mchora Majina

Kila Novemba kamati huniletea karatasi ya washindi
nami hutoa vikombe: vitatu, vinne, mwaka wa neema vitano,
vya shaba niliyoikata mwenyewe
kutoka bomba alilolibeba baba
siku mgodi wa Kilembe ulipofunga mdomo.
Bomba lile lilimwachia bega moja chini kuliko jingine.
Wao huchagua. Mimi huchora.

Kazi yenyewe ina mitego.
Huku kwetu Kasese mtoto huitwa kwa zamu yake:
wa tano akiwa wa kiume, Thembo; wa kike, Ithungu.
Mwaka wa kwanza niliandika THEMBO, basi,
na jioni Thembo saba wakasimama mlangoni,
kila mmoja na mama yake.
Tangu hapo nadai jina la pili,
hata kikombe kiwe chembamba.

Mwaka huu: THEMBO YOFESI, SANAA.
Kwa masizi na udongo mwekundu
amechora juu ya magunia ya kahawa
nyuso za watu waliolala shuleni
usiku ule Nyamwamba ulipohamia vyumbani mwao.
Muuza nyanya mmoja alijiona guniani, akasema:
"Pua si yangu. Ila macho, ewe mtoto, umeyaiba."

Na: ITHUNGU YUNIA, SAYANSI.
Dumu la lita tano, kamba ya katani, jiwe,
ringi ya lori ikining'inia kwenye mkaratusi.
Maji yakipanda, dumu hupanda;
dumu likipanda, jiwe huanguka;
jiwe likianguka, mtaa huamka.
Ndivyo alivyoeleza ukumbini, mbele ya beseni,
na jiwe likagoma.
Watu wakacheka. Mwenyekiti akakohoa.
Yunia akachomoa pini nywelani, akaichokonoa kamba,
na ringi ikalia ngweee!
hata mtoto wa katekista akaangusha soda.

"Mcheza kwao hutuzwa," akasema mwenyekiti,
akarudia mara tatu, maana hotuba ilikuwa fupi.
Wakapewa vikombe, madaftari,
na mbuzi mmoja wa kugawana,
shauri ambalo hadi leo halijaamuliwa.

Jumanne Yunia akaja karakana, kikombe kwapani.
Nikajua nimekosea herufi.
Nikavaa miwani, nikahesabu: zote zipo.
"Fundi, hii ni shaba tupu?"
Tupu, nikajibu, kifua mbele.
"Basi inapitisha umeme."

Mvua ikiwa kubwa, akanieleza,
mabati hupiga kelele kuliko ringi.
Bibi yake ni kiziwi wa sikio moja, hulalia lile zima.
Anataka taa nyekundu, betri za redio,
na vipande viwili vya shaba
vitakavyogusana maji yakifika.
"Kata hapa," akasema, kidole katikati ya kikombe.

Nilinyamaza.
Siku nne nilikisugua kwa majivu na ndimu.
Umri wake, mimi nilifungua saa ya mwalimu
nione kinachosema tiki ni nani;
tuzo yangu ilikuwa viboko sita,
na hakuna aliyeuliza niliona nini.
(Niliona gurudumu dogo kama jino la panya,
likienda, likirudi, haliendi popote.)

"Na jina?" nikamuuliza.
"Jina nalo ni shaba."

Nikashika msumeno.

Kamati sijaiambia.
ITHU iko juu ya nguzo, kando ya mto.
NGU iko juu ya dumu, inacheza na maji.
Siku zikikutana, taa itawaka
na jina litasomeka lote.
Kila jioni nikifunga karakana
natazama mawingu yanavyojikusanya milimani Rwenzori,
mimi niliyelichora jina lile kwa mkono wangu,
naomba lisisomeke.